Joto Linaeza Kukuzima: Magonjwa ya Joto, Venye Yanashika Mwili na Kenye Unafaa Kufanya Haraka

Chukulia hivi. Ni saa nane mchana, mjengo fulani huko Syokimau. Msee amebeba mawe tangu asubuhi. Alikunywa chai na chapo mbili saa nne, maji ni kikombe kimoja tu. Ghafla anaanza kuyumba. Fundi anamuuliza ako sawa, anajibu vitu hazieleweki. Anatupa karai, anaanza kugombana na mtu hayuko. Wasee wanacheka: "Huyu alikuwa kwa keg jana, bado ako tilalila." Wanamlaza chini ya mabati ili "pombe ishuke", kisha wanarudi kazini. Saa moja baadaye wanakuja kumwangalia, haamki.

Hakuwa amelewa. Hicho kinaitwa kiharusi cha joto, na ile saa moja walimwacha pale ndiyo ilikuwa saa ya kumwokoa.

Sisi Wakenya tumezoea jua mpaka tukaita sekta nzima ya kazi jina lake: jua kali. Kwa hivyo mtu akilalamika kuhusu joto anaonekana mlaini. Shida ni kuwa joto halijali wewe ni mgumu aje. Linaua wazee, linaua watoto, na linaua pia vijana wa miaka 22 wenye misuli na afya, tena haraka. Hebu tuelewe venye linafanya kazi, hatua kwa hatua, na kile cha kufanya likishika mtu wako.

Mwili hujipoza aje?

Mwili wako unapenda kukaa karibu nyuzi 37 za Selsiasi. Kuna sehemu ndogo kwa ubongo inaitwa haipothalamasi ambayo kazi yake ni kama ile swichi ya friji: ikiona joto limepanda, inawasha mfumo wa kupoza.

Mfumo huo una njia mbili kubwa. Ya kwanza ni damu. Mishipa ya karibu na ngozi inafunguka, moyo unaongeza kasi, na damu yenye joto inatolewa ndani ya mwili hadi kwa ngozi ili joto litoke nje. Mtu akiwa ametulia mahali pa baridi, ngozi hupata chini ya nusu lita ya damu kwa dakika. Joto likizidi kabisa, inaeza fika lita 6 hadi 8 kwa dakika. Hiyo damu yote inasukumwa na moyo mmoja, ambao pia unatakiwa kulisha misuli na ubongo.

Njia ya pili ni jasho. Na hapa watu wengi hukosea: jasho lenyewe halikupozi. Kinachokupoza ni jasho likikauka juu ya ngozi. Likikauka linaenda na joto. Likidondoka tu chini, umepoteza maji na chumvi bure.

Sasa ongeza kazi. Misuli ikifanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumia, karibu robo tatu au zaidi, hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana mtu anayekimbia, anayebeba simiti au anayeruka kwa shoo anaeza pata kiharusi cha joto hata siku ambayo jua si kali sana. Joto lingine linatoka ndani yake mwenyewe.

Kwa nini Mombasa inachoma kuliko namba inavyosema

Ukiangalia simu unaona Mombasa ni nyuzi 32 na Lodwar ni 36. Unadhani Mombasa ni rahisi. Lakini Mombasa hewa imejaa unyevu wa bahari. Jasho halina mahali pa kwenda, linakaa tu kwa ngozi, na shati inashika mgongo. Lodwar hewa ni kavu, jasho linakauka mbio. Unapozwa vizuri, lakini unapoteza maji mengi bila kujua ju hujioni ukiwa umelowa. Kila mahali na mtego wake.

Ndiyo maana kuna hesabu ya "joto linalohisiwa", inayochanganya nyuzi na unyevu. Ukiona programu ya hali ya hewa imeandika nyuzi 32 halafu chini yake "inahisi kama 40", fuata ile ya chini.

Nairobi nayo inadanganya watu. Kwa sababu tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na asubuhi ni baridi, mtu hutoka kejani na jaketi, hajabeba maji, halafu saa saba inamkuta barabarani. Na Nairobi sio moja. Watafiti waliweka vipima joto Kibera, Mathare na Mukuru wakakuta mitaa hiyo ina joto zaidi ya kile kituo cha hali ya hewa kinasoma. Mabati, nyumba zimebanana, miti hakuna. Namba unayosikia kwa habari inaeza kuwa chini ya ile iko ndani ya keja yako.

Ngazi ya magonjwa ya joto

Magonjwa haya huwa kama ngazi, lakini usidhani lazima upande kila daraja. Mtu anaeza ruka kutoka "niko sawa" hadi juu kabisa.

Harara. Hivi ni vile vipele vidogo vyekundu vinavyowasha, shingoni, kifuani, kwapani, mahali nguo inabana. Vijitundu vya jasho vimeziba. Havikuui. Oga maji baridi, kauka vizuri, vaa nguo nyepesi isiyobana. Mafuta mazito yanaziba zaidi, achana nayo kwa muda.

Misuli kubana. Mguu, tumbo au mkono unakaza ghafla kwa uchungu, mara nyingi baada ya kutoka jasho jingi. Chumvi imepotea na misuli imechoka. Simama kazi, kaa kivulini, nyoosha msuli polepole, kunywa maji yenye chumvi na sukari kidogo. Usirudi kwa mechi baada ya dakika tano. Ikipita saa moja bila kuisha, enda hospitali.

Kuzirai kwa joto. Umesimama muda mrefu juani, kwa mfano kwa gwaride shuleni au kwa foleni, halafu unaona giza na unaanguka. Damu imeenda kwa ngozi na imeshuka kwa miguu, ubongo umekosa kidogo. Ukilala chini miguu ikainuliwa, kawaida unaamka haraka na akili zako zote. Kumbuka hiyo sehemu ya mwisho: na akili zako zote.

Uchovu wa joto. Hapa sasa ni onyo kali. Jasho ni jingi, ngozi iko baridi na imelowa, kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu au kutapika, miguu haina nguvu, moyo unapiga mbio, kiu kali, mkojo kidogo na mweusi. Joto la mwili linaeza panda lakini kawaida halijapita nyuzi 40. Muhimu zaidi: mtu bado anaongea kitu inaeleweka. Huyu ukimtoa juani, umvue nguo nzito, umpoze na kumpa maji, anaanza kurudi ndani ya nusu saa. Asiporudi, au akiendelea kutapika, mpeleke hospitali.

Kiharusi cha joto. Hapa ndio juu ya ngazi. Joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40 na ubongo umeanza kuharibika. Mtu anachanganyikiwa, anaongea ovyo, anakuwa mkali bila sababu, anayumba kama mlevi, anapata kifafa, au anazima kabisa. Hii ni dharura kama ajali ya barabarani.

Kuna aina mbili. Ya kwanza hushika polepole, siku kadhaa za joto, na hukamata zaidi wazee, watoto wachanga na wagonjwa walio ndani ya nyumba moto. Hawa mara nyingi ngozi ni moto na imekauka. Ya pili ni ya watu wa nguvu: wakimbiaji, wanajeshi, wasee wa mjengo, vijana kwa mazoezi. Inakuja kwa saa chache tu, na mtu anaeza kuwa bado anatoka jasho jingi. Kwa hivyo hiyo stori ya "anatoka jasho, basi si kiharusi cha joto" ni uongo unaoua.

Ndani ya mwili kunaendaje?

Ubongo ndio wa kwanza kulalamika. Seli zake hazipendi joto, na damu inayofika imepungua. Hapo ndipo yale maneno ya ovyo yanatoka.

Moyo unakimbia ukijaribu kulisha ngozi, misuli na ubongo wakati mmoja, huku damu yenyewe ikipungua kwa sababu maji yametoka na jasho. Mtu mwenye shida ya moyo ambaye hajijui anaeza jua siku hiyo.

Utumbo unanyimwa damu ili ngozi ipate. Ukuta wake unalegea, na sumu za bakteria waliokuwa wamefungiwa humo zinavuja kwa damu. Mwili unaanza kuwaka kama ambao umepata maambukizi makubwa. Hii ni sababu moja ya mtu kupozwa na bado kuugua vibaya siku zinazofuata.

Misuli inaeza kuanza kuvunjika, na protini yake inaingia kwa damu. Figo zinajaribu kuichuja, zinaziba. Ukiona mkojo umekuwa rangi ya strungi baada ya kazi nzito juani, hiyo si ya kungoja kesho.

Figo pia zinaumia polepole kwa mtu ambaye kila siku anafanya kazi ngumu juani bila maji ya kutosha. Kule Amerika ya Kati, wafanyakazi vijana wa mashamba ya miwa wamekuwa wakipata ugonjwa sugu wa figo bila kisukari wala presha, na kazi nzito kwa joto ni moja ya sababu kubwa zinazotajwa. Kwa hivyo hata kama hujawahi zima, mwili unahesabu.

Ini, na uwezo wa damu kuganda, vyote vinaeza haribika siku ya pili au ya tatu. Ndiyo maana mtu aliyepata kiharusi cha joto lazima aonwe na daktari hata kama ameamka na anaitisha chips.

Swali moja la kuuliza

Huna kipima joto mfukoni, na hata kile cha paji la uso hakionyeshi joto la ndani vizuri. Lakini una mdomo. Mtu akiwa amekaa juani au amefanya kazi nzito halafu anaonekana vibaya, muulize: Unaitwa nani? Tuko wapi? Leo ni siku gani?

Akijibu sawa, pengine ni uchovu wa joto. Mpoze na umwangalie, na umuulize tena baada ya dakika chache.

Akikosea, akichelewa, akikutukana au asipojibu, chukulia ni kiharusi cha joto. Usibishane na mtu eti labda amekunywa. Hata kama kweli alikunywa, pombe haimkingi na joto, inamuongezea hatari. Inaeza kuwa malaria ya kichwa au sukari imeshuka? Ndiyo, inaeza. Lakini zote hizo zinahitaji hospitali, na kumpoza njiani hakumharibii.

Poza kwanza, kisha safirisha

Hii ndiyo sentensi ya kubeba kutoka kwa stori hii yote. Kinachoamua mtu atapona au la ni dakika ngapi ubongo wake umekaa juu ya nyuzi 40. Lengo ni kumshusha ndani ya nusu saa. Ukimtupa kwa probox uanze kupigana na jam ya Mombasa Road bila kumpoza, hiyo nusu saa inaishia kwa barabara.

Kwa hivyo fanya hivi, yote kwa pamoja mkiwa wengi:

Mmoja apige simu. 999 au 112 ni za dharura, na Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya liko 1199. Usingoje wafike ndio uanze.

Mtoe juani. Mvue viatu, jaketi, helmeti, nguo nzito.

Mwagie maji mwili mzima, mengi, na uendelee. Maji ya mfereji, ya drum ya mjengo, ya mtungi, ya bwawa, hayabagui. Yakiwa baridi sana ni bora zaidi. Kama kuna beseni kubwa au tangi, mkalishe ndani maji yafike kifuani, mtu amshike kwapani ili kichwa kisizame. Kama hakuna, tandaza turubai, mlaze juu yake, wasee washike kingo ziinuke, mimina maji na barafu ndani na uyatikise. Hiyo turubai ya simiti ni ambulensi yako ya kwanza.

Pepea. Katoni, shati, feni, chochote. Maji na upepo vikikutana, jasho bandia hilo linafanya kazi ambayo mwili umeshindwa.

Ukipata barafu, weka shingoni, kwapani na kwa mapaja ya juu, lakini usiache kumwagia maji kwingine kote.

Akitapika au akizima, mgeuze alale kwa ubavu. Akiacha kupumua, anza kumfinya kifua kama umefunzwa, na ufuate maagizo ya simu.

Endelea mpaka aanze kutetemeka kwa baridi au akili irudi, kisha ndio umsafirishe. Ndani ya gari, fungua madirisha na uendelee kumpoza.

Makosa tunayofanya kila siku

Kumpa panadol. Homa ya malaria na kiharusi cha joto si kitu kimoja. Kwa homa, ubongo wenyewe umepandisha ile swichi, na dawa inaishusha. Kwa kiharusi cha joto swichi iko sawa, ni mwili umezidiwa. Panadol haina la kufanya hapo, na ini ambalo tayari limeumia linaongezewa kazi.

Kumlazimisha kunywa maji akiwa amechanganyikiwa. Yataingia kwa mapafu. Maji ya kunywa ni ya mtu anayeongea vizuri na anayeeza kushika kikombe mwenyewe.

Kuogopa maji baridi. Kuna watu husema "utamuua na mshtuko wa baridi". Kwa kijana mwenye afya, joto ndilo linamuua, maji baridi ndiyo tiba. Kwa mzee au mtoto mchanga, maji ya kawaida na upepo mwingi yanatosha.

Kumzunguka watu arobaini na simu zao wakirekodi. Mnaziba upepo. Kama lazima urekodi, rekodi ukipepea na mkono ule mwingine.

Nani ako hatarini zaidi?

Watu wa nduthi. Jaketi nzito ya kuzuia upepo, helmeti, injini katikati ya miguu na lami inayorudisha joto. Ukienda, upepo unakupoza. Ukisimama kwa base saa saba, hauna kitu. Fungua jaketi ukisimama na ukae chini ya mti, sio juu ya tangi la mafuta.

Wa mjengo, wa mikokoteni, wa jikoni. Mama wa chapo anayesimama mbele ya jiko ndani ya kibanda cha mabati ana joto la pande mbili. Mkiwa wengi, pangeni zamu, na kazi ngumu ifanywe asubuhi.

Wapenda shoo. Novemba 2023, shabiki mmoja wa Taylor Swift alifariki baada ya kuzidiwa kwa konsati huko Rio de Janeiro, siku ambayo joto linalohisiwa lilikaribia nyuzi 60. Mashabiki walilalamika kuwa walizuiwa kuingia na chupa zao za maji, na serikali ya Brazil baadaye ikaagiza waruhusiwe. Umati ni joto: kila mwili karibu na wewe ni jiko. Ukienda shoo ya mchana, jua mahali maji yako, na usitegemee pombe, ju pombe inakukojoza zaidi. Miraa, muguka na zile soda za nguvu nazo zinapandisha mapigo ya moyo na kukufanya usisikie uchovu, yaani zinazima kengele ya hatari.

Wanariadha. Usidhani mazoezi yanakukinga. Mashindano ya dunia ya riadha ya 2019 huko Doha, marathoni ya wanawake ilianzishwa karibu usiku wa manane ili kukwepa jua. Bado kulikuwa na nyuzi zaidi ya 30 na unyevu mwingi. Ruth Chepngetich wetu alishinda, lakini kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza, na hao ni mabingwa wa dunia. Kwa Olimpiki ya Tokyo, marathoni ilihamishwa hadi Sapporo kwa sababu ya joto, na mbio za wanawake zikavutwa mbele hadi saa kumi na mbili asubuhi. Peres Jepchirchir akachukua dhahabu. Kama mabingwa wanabadilishiwa saa, wewe na mbogi yako mnaeza hamisha mechi ya saa saba.

Wanaoenda Ghuba. Kama una mpango wa kazi huko, jua sheria. Qatar inakataza kazi za nje juani kutoka saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu mchana, Juni 1 hadi Septemba 15. Falme za Kiarabu ni saa sita na nusu hadi saa tisa, na Saudia ni saa sita hadi saa tisa, kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15. Mwajiri akikulazimisha kufanya kazi ya nje hizo saa, anavunja sheria ya nchi yake. Na joto la huko si mchezo: wakati wa Hija ya Juni 2024, joto Makka lilifika nyuzi 51.8, na Saudia ilitangaza vifo zaidi ya 1,300. Wengi walikuwa wametembea juani mbali bila kibali rasmi, hivyo hawakuwa na mahema wala mabasi yenye hewa baridi.

Wanafunzi. Majirani wetu Sudan Kusini walifunga shule kwa sababu ya joto Machi 2024, na tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuanza kuzimia. Kumsimamisha mtoto juani kama adhabu ni kucheza na maisha yake.

Watoto, wazee, wajawazito na wagonjwa. Mtoto hapashwi kuachwa kwa gari lililofungwa hata dakika tano. Ndani ya dakika 20, joto la ndani linaeza panda zaidi ya nyuzi 10 juu ya lile la nje. Mzee anaeza asisikie kiu kabisa, kwa hivyo mpigie shosho simu siku za joto. Mwenye selimundu akikosa maji anaeza pata shambulio la uchungu. Baadhi ya dawa za presha, za mafua na za aleji hupunguza jasho au hukutoa maji. Usiziache, lakini muulize daktari.

Jikinge bila gharama kubwa

Mpe mwili wiki mbili. Mwili hujifunza joto kwa siku 7 hadi 14: jasho linaanza mapema, linapoteza chumvi kidogo, na damu inaongezeka. Ndiyo maana wanaoumia sana ni wageni wa siku za kwanza. Umetoka Limuru ukapata kazi Mombasa? Siku ya kwanza fanya robo tu ya kasi yako, ongeza kidogo kila siku. Usione wenyeji wanabeba mbili mbili ukadhani wewe ni zembe.

Kunywa kabla ya kiu. Kwa kazi nzito juani, kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20. Lakini usipitishe lita moja na nusu kwa saa. Maji matupu mengi kupita kiasi yanazimua chumvi ya damu na yanaeza kukuzima kwa njia nyingine, pia na kuchanganyikiwa.

Rudisha chumvi. Ukitoka jasho masaa mengi, kula chakula cha kawaida na utengeneze mchanganyiko huu: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi. Ladha isizidi ile ya machozi.

Soma mkojo wako. Rangi ya maji ya ndimu, uko fiti. Rangi ya asali au chai, umechelewa. Usipokojoa kutoka asubuhi hadi jioni, figo zinalia.

Poza keja. Fungua madirisha usiku, funga pazia upande wa jua mchana, lowesha shuka uweke mbele ya dirisha. Feni inasaidia, lakini hewa ikipita nyuzi 40 inakupulizia joto tu, hapo jimwagie maji. Usiku ni muhimu: mwili usipopata saa za kupoa, kesho unaanza ukiwa tayari umechoka.

Kazi na beshte. Mtu anayepata kiharusi cha joto hawezi kujitambua, ju kile kinaumia ndicho anatumia kujitambua. Kwa hivyo kila mtu awe na mwenzake wa kumwangalia. Na ukishapata kiharusi cha joto mara moja, usirudi kwa jua wiki hiyo. Mwili wako utakuwa mwepesi kuzidiwa tena kwa muda, daktari ndiye atakwambia lini.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa onyo msimu wa joto ukifika, hasa Januari hadi Machi. Ukiisikia, weka jerikeni ya maji ya ziada kwa base, kwa mjengo, kwa uwanja. Ya kunywa mtu akiwa sawa, na ya kummwagia akianza kuongea ovyo.

Siku ingine ukiona msee anayumba juani na watu wanacheka, muulize jina lake. Akishindwa kulitaja, shika jerikeni.